Pipa la Moshi na Kuku Nisiyemla

Pipa mlilolisimamisha nyuma ya banda halijaungua. Nimepita pale asubuhi nikatia pua ndani, nikaitoa haraka. Nje mmelipaka rangi ya fedha linang'aa kama jeneza la tajiri, ndani bado lina oili. Mkitundika kuku humo mtawauzia watu oili yenye mabawa. Mimi nimekausha kuku kwa moshi pale Manyoni tangu Mwingereza anatawala hadi magoti yaliponikatalia, na kosa hilo mnalotaka kulifanya nililifanya mimi wakati mama zenu bado wanatembea uchi. Kaeni chini msome. Mwandiko wangu mbaya, niliupata ukubwani kwenye darasa la kisomo, mwalimu akiwa mdogo kuliko mwanangu. Lakini moshi naujua.

Babu yenu alikuwa kwenye genge la reli, wale wa kukaza misumari na kubadili mataruma yanayolaliwa na reli. Alikufa kwa homa ya siku nne. Akaniacha na wasichana wawili, Mkiwa na Salome, na kijumba cha udongo nje ya stesheni ambacho hata mbuzi alikuwa akikisukuma kwa pembe kinatikisika.

Kwetu Unyaturu mjane ni wa ukoo. Matanga yalipoisha, mdogo wake babu yenu, jina lake Sungi, alikuja kutoka Issuna pamoja na mama mkwe wangu. Akakaa kwenye kigoda akaniambia, "Shemeji, ng'ombe waliokuleta walitoka zizi letu. Mtama ukishavunwa nakuja na punda. Tunabeba watoto, tunabeba vyungu, unaingia kwangu."

Hakuwa mtu mbaya Sungi. Hakunywa sana, na alimheshimu mama yake. Ila alikuwa na wake wawili tayari, na yule mkubwa ulimi wake ulikuwa unakata kuni. Sikutaka kwenda. Tena nilishazoea kusikia treni.

Nikamwambia, "Shemeji, nikifika mavuno wanangu hawajalala njaa, niache hapa."

Akacheka. "Ukiweza. Na usipoweza, usilie njiani, punda wanashtuka."

Mama mkwe alikuwa akinusa ugoro wake anatazama paa langu. Mama mkwe yule alikuwa hivyo, maneno yake aliyatunza kama mbegu.

Basi nilikuwa nauza kuku wa kuchemsha stesheni. Beseni kichwani, treni likisimama kunywa maji nakimbia na madirisha. Kuku wa kwetu mnawajua, wadogo, wagumu, watamu, watu wa Dar es Salaam wanawagombania hata leo. Lakini kuku wa kuchemsha hangoji mtu. Siku moja injini iliugua pale kwenye mlima wa Saranda. Treni lilitakiwa kufika asubuhi, halikufika. Jua likapanda, likashuka, kesho yake likapanda tena. Treni linakuja kuingia, beseni langu lina nzi kuliko nyama. Nilimwaga wote nyuma ya tangi la maji, mbwa wa stesheni wakanishukuru, mimi nikakaa kwenye reli nikalia. Siku zilizobaki hadi mavuno nilikuwa nazijua moja moja.

Aliyenikuta pale ni Mzee Feruzi. Huyu alikuwa fundi bati, mtu wa Ujiji, mrefu, mkavu, kofia yake ya kitambaa imetoboka kwa cheche. Alikuwa na kibanda karibu na soko, anatengeneza koroboi kwa makopo, anaziba masufuria, anageuza debe kuwa ndoo na ndoo kuwa mtungi. Kitu kibovu kwake kilikuwa hakijafa, kilikuwa kimepumzika.

"Mama Mkiwa, unamlilia nani?"

"Nalilia kuku."

"Kwetu ziwani samaki wakizidi hatulii, tunawapa moshi. Samaki aliyekula moshi anatoka Ujiji anafika Tabora anacheka. Kuku wako ana miguu miwili tu, ndiyo imshinde?"

"Moshi wa jikoni?"

"Moshi wa jikoni ni wa kupofusha wakwe. Nitakutengenezea kitu. Lakini chuma ukusanye mwenyewe. Mgongo wangu una miaka yake."

Nikaanza kuokota. Siku zile ilikuwa rahisi, maana reli ya tawi iliyokuwa inakwenda Singida Mwingereza alikuwa ameshaing'oa, vyuma vizuri akavipeleka anakokujua, vibovu vikabaki vimetupwa porini. Nilipata bomba la tangi la maji, refu mara mbili yangu, lina tundu moja dogo. Nilipata mataruma mawili ya chuma yaliyopinda, kila moja tulilibeba wanawake wawili na tulipumzika mara kumi. Mikanda ya chuma ya kufungia marobota ya ngozi niliokota nyuma ya duka la Mwarabu. Mlinzi alinifuata akiuliza nakwenda wapi na takataka za tajiri wake, nikamwambia nakwenda kumfagilia barabara, akaniacha. Spoku za baiskeli, bawa la gari, lile linalofunika tairi la mbele, madebe ya mafuta ya taa, na pipa moja la kuanzia lililoliwa na kutu. Watoto wa jirani waliniita kichaa wa chuma. Sikuwajibu, maana mimi mwenyewe nilikuwa sijaamini.

Sasa sikilizeni hapa, maana hii ndiyo kazi yenyewe.

Pipa la moshi si jiko. Ukiweka moto chini ya kuku umechoma kuku, na kuku wa kuchoma ataliwa leo, kesho atanuka. Moto unakaa mbali. Tulichimba shimo la moto hatua nne kutoka kwenye pipa, upande upepo unakotoka, na upepo wa Manyoni wakati wa kiangazi unatoka mashariki, hauna siri. Kutoka shimoni tukalaza lile bomba ardhini, tukalifunika kwa yale mataruma na udongo, linapanda taratibu hadi chini ya pipa. Moshi ukitembea ndani ya ardhi unapoa. Ukifika kwa kuku unamzunguka bila kumpika. Ile mikanda ya chuma ikawa wavu wa kati, spoku zikakunjwa kuwa kulabu, bawa la gari likawa kifuniko, na debe lililokatwa likawa bomba la kutolea moshi, na kibati cha kuziba na kufungua. Hicho kibati msikidharau. Moshi ukikaa bila njia ya kutokea unatoa jasho, jasho linadondoka kwenye nyama, nyama inakuwa nyeusi na chungu.

Mara ya kwanza lile bomba la juu lilianguka. Feruzi aliliunga kwa risasi ya kuyeyusha, kama alivyounga koroboi zake zote. Tulipowasha moto mdogo chini ya pipa kulikausha kwanza, tukasikia *to, to, to* ndani ya pipa. Risasi imeyeyuka inadondoka kwenye wavu. Bomba likainama polepole kama mlevi anayesalimia, likalala.

Feruzi aliligeuza kwa ncha ya mguu. "Koroboi haijawahi kunifanyia hivi."

"Koroboi haikai juu ya moto, mzee. Moto ndio unakaa juu yake."

"Sasa mwanafunzi ananifundisha?"

"Nakusaidia kulaumu."

Tangu siku hiyo hakuunga kitu kwa risasi kwenye pipa. Alikunja mishono, bati juu ya bati, akaigonga ikalala, akatoboa na kupitisha misumari, akaibonyeza upande wa pili. Mshono wa kukunja ndio wa kudumu. Na bati jipya linalong'aa msilitie kwenye moto kabisa, lina moshi mweupe wake wa kutapisha. Tafuteni lililokwisha kuota kutu.

Kuni nazo nilijifunza kwa machozi. Mimi, Mnyaturu niliyezaliwa ndani ya ua wa minyaa, siku moja kuni ziliniishia nikachukua minyaa mikavu iliyoanguka kwenye ua wa jirani. Nilijisemea mti uliokauka hauna utomvu. Siku mbili sikufumbua macho vizuri, na jirani alikuja kunipa pole na kuniuliza ua wake umekwenda wapi. Tumieni mgunga, tumieni mkwaju, tumieni mkole. Na moshi wa kwanza, ule mweupe mzito, uacheni upite kwanza, huo ni wa kufukuzia nyuki. Ukiona umekuwa mwembamba, una rangi ya buluu kama maziwa yaliyotiwa maji, hapo tundikeni kuku.

Lakini nilisema nitawaambia kosa.

Kila kitu kilipokuwa tayari tulikosa pipa lenyewe. Lile la majaribio lilikuwa limetoboka kama chujio. Mavuno yanakaribia, mtama umeshainamisha vichwa, nami naona punda wa Sungi katika ndoto. Ndipo nikaliona pipa zima, zuri, nyuma ya ghala moja, limetupwa. Ndani lilikuwa na masalia ya ile dawa nyeusi ya kupaka mbao zisiliwe na mchwa. Nikaliviringisha hadi nyumbani. Nikalisugua kwa mchanga, nikalisugua kwa majivu, nikalisuuza kwa maji ya kununua. Likatulia kwa macho. Kwa pua bado kulikuwa na kitu.

Nikamwita Feruzi. "Mzee, tia kichwa humu. Kuna harufu."

Akatia kichwa. Akavuta pumzi ndefu, tena mbili. Akatoa kichwa. "Harufu ya chuma hiyo. Moshi utaimeza."

Mimi ni nani nimbishie fundi? Nikatundika kuku.

Sasa mtaniuliza, bibi, mbona hukuonja? Hapo ndipo penyewe. Nyie mnatafuna mapaja mkitembea barabarani, hamjui. Kwetu wakati huo mwanamke hakula kuku. Alimfuga, alimlisha, alimpika, alimpakulia mume na wageni, yeye akarudi jikoni kula mlenda. Tuliambiwa mwanamke akila kuku atazaa mtoto asiye na nywele. Wasichana nao hivyohivyo, toka wameachishwa ziwa. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilikuwa nauza kuku mwaka wa pili na sijui ladha yake, kama vile kipofu anayeuza shanga. Feruzi alinicheka sana kwa hilo. "Nyie Wanyaturu kuku mnamfanya mkwe. Heshima tele, kumgusa marufuku." Nilicheka pamoja naye, na mkono haukufika mdomoni.

Kuku walitoka wazuri. Wekundu wa kahawia, ngozi imekaza, mguu ukiugonga unalia kama kibuyu. Treni la kwenda Kigoma lilisimama, niliwauza wote kabla injini haijashiba maji. Nikarudi nyumbani natembea kama mke wa liwali. Mteja wa treni ana ubaya wake, wanangu. Yule wa sokoni akikuta kitu kibaya anakurudia saa hiyohiyo na mkewe na shangazi yake. Wa treni anapouma, ameshafika Itigi.

Treni la kurudi ndilo lililoleta habari. Fayamani, yule wa kutia makaa kwenye injini, aliruka chini kabla magurudumu hayajasimama. Mtu mnene, uso mweusi kwa vumbi la makaa, macho tu ndiyo yanaonekana. Alikuwa na mfupa mkononi, ameutunza njia nzima. Akautupa miguuni pangu.

"Mama, umeniuzia kuku au umeniuzia boriti?"

Watu wakacheka. Akageukia madirisha. "Huyu ndiye! Nimeuma mara moja, ulimi ukafa hadi Tabora! Mchwa hawatanila mwaka huu!"

Stesheni masta alitoka ofisini. Alikuwa Mhindi, mtu mpole, kofia nyeupe na kalamu sikioni. Akaokota ule mfupa kwa karatasi, akaunusa, akafumba macho. Akaniuliza, "Wewe ulionja?"

"Hapana, bwana masta. Mimi sili kuku."

Akanitazama. "Mimi sili nyama. Wewe huli kuku. Sasa nani hapa anajua kama hiki ni chakula?"

Akasema nisikanyage tena stesheni na beseni mpaka atakapoona kwa macho mtu mwenye akili anakula kitu changu na kubaki mzima. Alisema kwa sauti ya chini, bila matusi, na hiyo ilinikata zaidi. Angenitukana ningejua pa kushika.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Feruzi. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Alikuwa anakata kopo, akaendelea kukata mpaka nilipochoka. Kisha akaweka mkasi chini.

"Mama Mkiwa. Pua yangu ilikufa zamani. Tindikali na risasi, miaka yote hii. Ningetia kichwa chooni nisingejua."

"Mbona ulivuta pumzi? Mbona ulisema harufu ya chuma?"

"Wewe uliniita fundi. Fundi anasemaje kwamba hajui?"

Nilikaa kwenye gogo lake. Hasira ilinitoka yote mara moja, nikabaki nimechoka tu. Mimi naye tulikuwa sawa. Mmoja hasikii harufu na hasemi, mwingine haonji na haulizi, tumeshirikiana kulisha watu dawa ya mchwa. Mungu alitusaidia hakufa mtu.

"Wiki moja," nikamwambia. "Sungi anakuja baada ya wiki moja."

"Basi tulichome pipa," akasema. "Pua hatuna. Tutatumia moto."

Hivi ndivyo pipa linavyochomwa. Litoboeni chini matundu manne, lisimamisheni juu ya mawe, lijazeni kuni ngumu hadi mdomoni, washeni, na msiondoke. Chuma kiwe chekundu. Rangi itababuka, itanyauka, itaanguka kama ngozi ya nyoka. Sisi tulilichoma siku tatu mfululizo, na kila jioni lilipopoa tulilikwangua kwa kipande cha reli. Dawa ilikuwa imejificha kwenye mshono, pale chini na ubavuni. Siku ya pili mshono ulitokwa na machozi meusi, ndipo nikajua wapi ilikuwa inakaa. Siku ya tatu ulikuwa mkavu. Kisha tukalipaka mafuta ya mbuzi ndani kote, tukalitia moshi wa mgunga mtupu, bila nyama, kutwa nzima, hadi likawa jeusi laini ndani kama chungu cha zamani. Nikatia kichwa. Nikasikia mgunga. Nikatia tena kwenye mshono wenyewe. Mgunga.

"Vipi?" Feruzi akaniuliza. Alikuwa amesimama mbali, kofia mkononi.

"Safari hii nitakwambia mimi," nikamjibu. "Safi."

Nikatengeneza maji ya chumvi. Niliwahi kumwona mwanamke mmoja stesheni akipima kwa yai: unatia chumvi kwenye maji mpaka yai bichi linaelea, basi imetosha. Yai langu lilielea likaonyesha mgongo juu kama kiboko. Nikawalaza kuku humo kutwa, nikawafuta, nikawatundika kwenye upepo wakauka ngozi, nikawatia moshi.

Asubuhi ya treni nilitoka na beseni, naona punda wawili wamefungwa kwenye mti wangu. Sungi amesimama nao, na mama mkwe amekaa juu ya mzigo wa kamba. Mavuno yao yalikuwa yamewahi.

Nikapiga magoti. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Basi.

Sungi akatazama beseni. "Nasikia wamekufukuza stesheni. Habari imefika Issuna kabla ya mvua."

"Twende ukaone kama wamenifukuza," nikasema.

Tukaenda wote. Feruzi alikuwa ameshafika. Treni likasimama, fayamani yuleyule akachungulia kutoka kwenye injini, akaniona, akapiga kelele watu waje waone boriti. Stesheni masta akatoka. Abiria wametoa vichwa madirishani.

"Bwana masta," nikasema, "pipa tumelichoma. Kuku ni safi."

"Nani atakula?"

Feruzi akasogea. "Nitakula mimi."

Fayamani akacheka hadi akashika tumbo. "Wewe mzee Manyoni nzima inajua pua yako imezikwa! Utakula na tairi! Ale mwenyewe mwenye kuku!"

"Mwenyewe hali kuku," mtu akasema. "Mnyaturu huyo."

"Basi na mimi Mnyamwezi sili sumu," fayamani akajibu.

Masta akanitazama. Sikuona ukali usoni mwake. Aliinua mabega tu kidogo, kama mtu anayesema, mama, hapa mimi sina la kufanya.

Nilikuwa nimemwona mama mkwe wangu nyuma ya watu. Sungi alikuwa kando yake. Nilijua nikila, nimevunja mila mbele ya mama wa marehemu mume wangu, mchana, mbele ya treni. Nikiacha, nafunga mizigo. Wasichana wangu walikuwa wameshikana mikono wananitazama mimi tu.

Nikavunja paja. Nikauma.

Nitawaambia ukweli, kwa sababu nimezeeka. Nilitegemea kitu kitokee. Mbingu, tumbo, kitu. Kilichotokea ni chumvi. Chumvi, wanangu! Ilinikaba koo kama mkono. Mwanga wa macho ulipotea kidogo. Nikakohoa, machozi yakanitoka.

"Anakufa!" fayamani akapiga kelele. "Niliwaambia!"

"Sifi," nikasema nilipopata sauti. "Chumvi imezidi. Lakini dawa hamna. Chini ya chumvi ni tamu."

Muuza maji wa stesheni alinipa kikombe huku amekunja uso wa aibu, na pale nikaelewa kwa nini miaka miwili yote alikuwa ananisalimia kwa heshima kuliko mtu yeyote: chumvi ya mkono wangu ndiyo iliyokuwa ikimuuzia maji. Nikauma tena, mara ya pili, kwa kujua. Nikala paja lote, nikatafuna na gegedu, mfupa nikampa fayamani mkononi. "Huu nao utunze hadi Tabora."

Akachukua kuku mzima, akala amesimama. Akatafuna polepole. Akatikisa kichwa. "Boriti hakuna. Chumvi kweli imezidi." Akachukua na wa pili. Masta akasema neno moja, "Haya," akarudi ofisini kwake, na madirisha yakaanza kuniita.

Treni lilipoondoka beseni lilikuwa tupu. Tukarudi wote nyumbani, mama mkwe akakaa tena kwenye mzigo wake wa kamba. Sungi akaja. Uso umemkauka.

"Mwanamke aliyekula kuku mbele ya treni zima," akasema, "haingii nyumbani kwangu. Wake zangu watanicheka hadi kaburini."

Nani amkatize mtu anayekufungulia mlango?

"Ila watoto ni wa ukoo. Nawachukua."

Hilo sikuwa nimelihesabu. Nilifungua mdomo, na kabla sijapata neno mama mkwe alisimama kutoka kwenye mzigo wa kamba.

"Unawapeleka kwa nani?" akamuuliza mwanawe. "Kwa yule mkeo mkubwa?"

"Mama, watoto wa kaka yangu watakaa na mla kuku?"

"Ndiyo maana nabaki mimi. Nitakaa hapa nihakikishe wajukuu wangu hawalambi hata kidole. Fungua punda wako uende, jua linapanda."

Sungi alimtazama mama yake, akawatazama punda. Akafungua punda.

Mama mkwe alikaa nami hadi alipokufa, miaka mingi. Wiki ya kwanza hakunisemesha. Wiki ya pili alikuta nanyonyoa vibaya, akaninyang'anya kuku akanionyesha, maji yasichemke, yawe ya kuunguza kidole tu, na manyoya uyavute kwa kuyafuata, usiyapinge. Kazi ya kunyonyoa ikawa yake. Yai sikuliacha lielee tena. Nililitaka lisimame wima chini ya maji, kama mtu anayetaka kuondoka na hajaamua, hiyo ndiyo chumvi. Kila maji mapya nilikausha bawa moja la kujaribia, nikalionja mbele yake, naye aliniuliza bila kuinua kichwa, "Imekaa?" Nikimwambia bado, tulianza upya, na hakulalamikia kuni.

Yeye hakuonja hata siku moja, nami sikumwambia aonje. Wasichana walianza kula walipoolewa huko mjini, kwa siri ambayo alikuwa anaijua.

Mara moja wanawake wa rika lake walitoka Issuna kuja kumsalimia. Walimkuta amekaa chini na kuku mapajani, manyoya hadi kwenye nywele. Mmoja akamuuliza anawezaje kuishi nyumba moja na mwanamke anayekula kitu kile.

Mama mkwe akavuta manyoya ya shingo, akayatupa kwenye ungo.

"Asipokula," akasema, "nani atajua kama ameharibu?"